Mshona Magodoro Asiyekuwa na Siku Yake

Mawifi hatupendani, hilo kila mtu analijua, na mimi na wangu tulianza hivyo hivyo. Siku niliyoolewa na kaka yake alinishika mikono, akaigeuza juu chini, akasema, "Hii haijawahi kushika sindano." Nikanuna mpaka wageni wakaanza kuulizana. Baadaye nikaja kujua kwamba hakuwa ananisema. Ndivyo anavyowatazama watu wote, anaanzia mikononi, usoni anafika akipata nafasi.

Anashona magodoro ya sufi. Siku hizi watu wananunua ya sponji, mwaka haujaisha katikati pamebonyea, lakini wapo wenye migongo yao ambao hawalali vizuri mpaka walale kwenye sufi, na hao wote ni wateja wake. Analifumua godoro la zamani, anaimwaga sufi juani juu ya turubai, anaichambua kwa vidole akitoa mabonge na mbegu, kisha anaipiga kwa fimbo mbili nyembamba mpaka inaumuka. Akishaijaza kwenye kitambaa kipya anashona kingo kwa sindano yenye urefu wa kiganja, na uzi mnene anaoupaka nta ili usikatike. Jioni unamkuta nyusi nyeupe, nywele nyeupe, hata kope zina sufi. Mtaani wanamwita Mama Sindano, ingawa mtoto hakujaliwa, na mume wake alishatangulia zamani.

Godoro halimfichi kitu. Akilifungua tu anajua nani analia usiku, nani analala peke yake wakati ana ndoa, na mtoto gani mkubwa bado anakojoa. Mimi nimejaribu kumchota maneno kwa chai, kwa maandazi, kwa kumkasirisha. Wapi! Ana kifua yule mwanamke, ukimwambia jambo limezikwa.

Sasa nieleze lililonifanya niandike haya, maana hasira zangu hazijaisha na sitaki kujifanya zimeisha.

Mtaa wetu una mzee wa kanisa tunayemwita Mzee Kengele, kwa sababu ndiye anayeipiga. Mtu safi, suruali yake ina mstari wa pasi unaoweza kukukata. Yeye na mdogo wake waliachiwa nyumba moja na mama yao. Wakagombania uani, nani afue wapi, nani aegeshe baiskeli wapi, mambo ya kitoto kabisa, mpaka Mzee Kengele akaita mafundi wakajenga ukuta katikati, kuanzia uani mpaka ndani ya korido, bila mlango. Tangu hapo hawakusemeshana. Mdogo wake alikuwa fundi rangi, na ndilo jina tulilomwita. Siku moja akaanguka kutoka kwenye ngazi akipaka ghorofa ya watu, miguu ikafa. Mke akavumilia kidogo, kisha akaenda kwao. Fundi Rangi akabaki kitandani upande wake wa ukuta, akimsikia kaka yake anakohoa, anasali kwa sauti, anafungua redio. Na kaka mtu hakuwahi kuzunguka barabarani kuja kumwona. Hata hatua hizo chache.

Wifi yangu aliitwa huko na mpangaji jirani, kwa sababu godoro lilikuwa linanuka mpaka dirishani. Alipofika hakulitazama godoro. Alimgeuza yule mtu. Mgongo ulikuwa umeshaoza, vidonda vinaingia kidole. Alirudi nyumbani akatapika nyuma ya choo, mimi mwenyewe nilimshikia kichwa. Kisha akanawa uso, akakaa chini akaanza kukata kitambaa.

Alimshonea godoro ambalo sijaona la pili yake. Aliacha tundu katikati, akalizungushia ukingo mgumu kama wa kikapu, ili vidonda visiguse kitu na hewa ipite. Na baada ya godoro akaendelea kwenda. Asubuhi kabla hajamwaga sufi anakwenda kumwosha na kumgeuza, mchana anamgeuza tena, jioni tena. Alimpikia, alimnyoa ndevu. Alimwombea pia, maombi yake mafupi yasiyo na madoido, na polepole Fundi Rangi, ambaye zamani ukimtajia kanisa anakutukania ukoo, akaanza kusema amina. Alikuwa anamuuliza maswali. "Dada, Mungu anaweza kumtaka mtu kama mimi?" Na wifi anamjibu bila kuinua macho kwenye kidonda anachokisafisha: "Anakutaka. Tulia nimalize huku."

Basi. Akaja Mwinjilisti mpya.

Sisemi ni mtu mbaya. Ni kijana, ana sauti nzuri, viatu vinang'aa, na amejaa moto. Lakini alikuja na utaratibu wake. Jumapili inayotangulia meza ya Bwana, kila mshirika asimame, aulizwe, "Una hakika umeokoka?" na ataje siku aliyookoka. Asiyekuwa na siku, meza aahirishe, akae benchi la nyuma na wanaotafuta, mpaka apewe hakika yake. Alisema hataki watu wale na kunywa gizani.

Mnajua kilichotokea. Watu wazima wakaanza kutunga siku. Mume wangu, ambaye nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii na ninamjua, alisimama akataja tarehe kwa sauti ya kutetemeka, na watu wakasema haleluya. Ile ni tarehe timu yake ilipochukua kombe. Nilipombana njiani akasema, "Mke wangu, siku ile nilimshukuru Mungu kwa dhati." Nilicheka mpaka nikasimama, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Mimi siku yangu ninayo, nilitaja, sikudanganya, na simkatalii mtu mwenye yake. Ila hapo ndipo nilipoona kanisa zima linajifunza kusema uongo mbele ya Mungu ili lipate mkate.

Mzee Kengele alitaja yake kabla hajaulizwa. Siku, saa, mhubiri, na hali ya hewa.

Ikafika zamu ya wifi yangu. Alisimama na sufi yake kwenye nywele.

"Mama, una hakika umeokoka?"

"Namwamini Yesu," akasema.

"Wengi wanasema hivyo. Unamwamini kuwa ni nani?"

"Mwana wa Mungu. Akaja akawa na mwili kweli, si kivuli, mwili kama huu wangu unaouma mgongo. Akafa kwa ajili yetu, akafufuka."

Jibu gani tena mtu anataka? Lakini kijana alilipita kana kwamba mtu amemsalimia tu.

"Siku gani ulimpokea?"

Wifi akafikiri. Anafikiri kweli mtu yule akiulizwa, hakurupuki. "Siku siijui, mtumishi. Nilijikuta tu nampenda. Nilipotazama nyuma nikaona ameanza zamani, lini, sikuona."

"Kwa hiyo huna hakika."

"Ukiuliza siku, sina."

Akaoneshwa benchi la nyuma. Kwa upole, nasema kweli, alimshika hata mkono. Na Mzee Kengele aliyekuwa amesimama pembeni akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari anayemwonea mgonjwa huruma. Nilitamani ardhi inimeze au immeze yeye.

Mimi nilidhani wifi atakasirika. Laiti angekasirika! Yeye aliamini. Hilo ndilo lililonikata maini. Mtu asiyejua kusema uongo hadhani mwenzake anaweza kukosea akiwa amevaa koti na ameshika Maandiko. Wiki ile akawa anachambua sufi kidogo, anaacha katikati, anatazama tu turubai. Alikuwa na kawaida ya kuimba puani akishona, ikakatika. Akashona godoro la mteja kitambaa ndani nje, yeye, Mama Sindano, ikabidi alifumue lote.

"Wifi," akaniambia tukiwa jikoni, "labda nilikuwa najidanganya muda wote huu."

"Nani amekudanganya?"

"Mimi mwenyewe. Mwenzangu ana siku, wewe una siku, hata kaka yangu ana siku."

Nikaumauma midomo. Siku ya kaka yake nilikuwa naijua, lakini ndoa nayo ina heshima zake. Nikamwambia asisikilize upuuzi. Akatikisa kichwa, kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka chakula kinanishinda.

"Fundi Rangi hali yake inashuka. Leo ameniuliza tena kama akifa Mungu atampokea. Nimemnyamazia. Nitamjibu nini, wifi? Mimi ninayejibu sijui kama napokewa. Amenitazama, nimeinama nikajitia nafunga kitambaa."

Niliacha sufuria motoni. Sikuvua hata kanga ya jikoni. Nilikwenda moja kwa moja mpaka ofisini kwa Mwinjilisti, kile chumba kidogo nyuma ya kanisa chenye viti vya plastiki na vipaza sauti vibovu, nikamkuta anaandaa mahubiri.

"Karibu mama, Bwana asifiwe."

"Asifiwe. Mwanangu, kuna mtu anakufa mtaani kwetu, na umemfunga mdomo mtu pekee aliyekuwa anamwambia Mungu anampenda."

Akaweka kalamu chini. Nikammwagia yote. Vidonda, godoro lenye tundu, kunyoa ndevu, ukuta. Nilipofika kwa kaka mtu aliye upande wa pili wa ukuta, nikamtaja kwa jina lake la kengele, kijana akauliza, "Mzee wetu?" Hakuwa anajua. Kanisa zima linajua, hakuna aliyemwambia.

Lakini alikuwa msomi, akajikusanya. "Mama, nakuelewa. Ila hatuokolewi kwa matendo. Mtu anaweza kuuguza wagonjwa mji mzima na asiwe na imani."

"Nani amesema matendo? Nimesema anamwamini. Ulimuuliza mbele yetu akakujibu, ukalipita jibu lake kwa sababu halikuwa na tarehe. Mimi leo nikikuuliza unakumbuka kuzaliwa kwako?"

"Hapana."

"Lakini upo hapa unanibishia. Mtu unajua amezaliwa kwa sababu anapumua. Yule mwanamke anapenda mtu asiyemhusu, anayenuka, aliyekuwa anamtukania Mungu wake. Hiyo ndiyo pumzi. Umeiona ukaiweka benchi la nyuma. Na mwingine amekuambia mpaka hali ya hewa, na ndugu yake wa tumbo moja anaozea nyuma ya ukuta, huyo umempa kitambaa cha meza ya Bwana akitandike."

Akafunga daftari lake la mahubiri. Nilikuwa na mengine tayari, makali zaidi, sikuyatumia. Akasema, "Nipeleke kwa mgonjwa."

Chumba cha Fundi Rangi kina dirisha moja na ukutani kuna vipande alivyokuwa anajaribia rangi zamani, bluu tatu zinazofanana na kijani moja. Wifi alikuwa humo, beseni miguuni, mikono imejaa sabuni. Alipomwona Mwinjilisti aliinuka haraka akasogea pembeni, kama mtu aliyekutwa anafanya kazi ya mwenzake bila ruhusa. Hilo nalo lilinichoma.

Kijana akapiga magoti kando ya kitanda. Harufu ilimpata, nilimwona, lakini hakugeuza uso, nampa haki yake. Akamsalimia, akampa pole, kisha mazoea yakamtangulia. "Ndugu yangu, una hakika?"

Fundi Rangi alikuwa amebaki macho tu. Akasema, "Mimi sijui mambo hayo. Namuuliza dada, naye siku hizi hanijibu." Akamgeukia. "Dada, nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Basi niambie. Nikifa nitapokewa?"

Wifi akamtazama Mwinjilisti. Alimtazama kuomba ruhusa. Mwanamke aliyemtoa mtu yule kwenye uozo kwa mikono yake, anaomba ruhusa ya kumwambia Mungu ni mwema! Nilifumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikaufunga mwenyewe. Mwinjilisti akainamisha kichwa, akatazama beseni.

Muda wa kumgeuza ulikuwa umefika. Ndilo lililomwokoa wifi, naamini hivyo, kwamba kulikuwa na kazi. Akapitisha mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya kiuno, akamvuta taratibu kwake, na akiwa amembeba hivyo akaanza kusema, kwa sauti ya kujisemea.

"Mimi najijua. Nina kinyaa, siku ya kwanza nilitapika. Uchoyo pia ninao, wifi yangu huyu hapa muulize. Mtu kama mimi hawezi kukupenda wewe, si kwa nguvu zangu. Lakini nakupenda. Kila asubuhi naamka nakuta nakupenda, na pendo hili silijui limetoka wapi kama halikutoka kwa Mungu." Akamlaza ubavu, akamwekea mto. Akatulia, mkono bado uko begani kwake. "Kwa hiyo yumo. Kama ameniwekea hili, yumo ndani yangu, na hawezi kuwa yumo na amenikataa."

Nadhani alikuwa anajisikiliza. Kisha akainama mpaka sikioni kwa mgonjwa.

"Utapokewa. Si kwa sababu yako wala yangu, ni kwa sababu ya Yesu. Mwamini tu hivyo ulivyo."

"Una hakika?"

"Ninayo," akasema wifi yangu.

Fundi Rangi akalia, na machozi yake yalikuwa yanakwenda upande upande kwa vile alivyolala. Aliposhusha pumzi akasema, "Niitieni kaka. Sitaki ukuta. Sitaki kitu. Nataka nimwone tu."

Mwinjilisti alitoka mwenyewe. Tukamsikia kupitia ukutani, maneno yote, ukuta ule ni wa tofali moja. Tukasikia akibembeleza, akisema nduguyo anakufa. Tukasikia Mzee Kengele akikohoa, kisha akajibu kwa ile sauti yake ya ushuhuda, "Mtumishi, mimi nimeshamkabidhi kwa Bwana. Nina amani moyoni." Basi. Mlango ukafungwa, redio ikafunguliwa.

Fundi Rangi alisikia kila neno. Akasema, "Mwacheni." Siku chache baadaye akafariki mchana, wifi akiwa anamnyoa. Alimaliza kumnyoa.

Msibani Mzee Kengele alilia kuliko wote. Alishikiliwa na vijana wawili. Nilisimama nikamwendea, nikampa vidonge vyake mbele za watu, kila nililowahi kulifikiria tangu ule ukuta, na sikubakiza. Mume wangu alinivuta mpaka gauni likachanika. Tangu siku ile nikikutana na mzee yule njiani navuka upande wa pili. Akinisalimia sisikii. Na wifi yangu, mnajua alifanya nini? Alimpelekea uji. Alikwenda akakaa naye kwenye mkeka, hakuna mtu mwingine aliyetaka kukaa naye, akamsikiliza akilia. Niliporudi naye nyumbani nilimfokea. Nikamwambia hana msimamo. Akasema, "Anaumia, wifi," akaendelea kupaka uzi wake nta.

Jumapili ya meza iliyofuata ikafika. Mwinjilisti alisimama mbele, hakuuliza siku ya mtu. Alituomba radhi kwanza, akamtaja Mama Sindano, na wifi akajifunika uso kwa mtandio kwa aibu. Kisha akasema atauliza swali moja tu, na hakuna wa kumjibu kwa mdomo. Kila mtu ajijue, anayeweza asogee mezani, asiyeweza akae kwanza, aende akatengeneze, meza ipo.

"Kuna mtu usiyetaka kumwona?"

Wifi yangu akainuka wa kwanza. Hakusita, hakumtazama mtu usoni kuona kama anaruhusiwa. Alikwenda kama anavyokwenda jikoni kwake. Mume wangu akafuata, halafu benchi kwa benchi, watu wakiinuka, wengine wakisita, wengine wakipeana mikono katikati ya njia. Nyuma yangu kukawa tupu, mbele yangu kukawa tupu.

Mzee Kengele hakuinuka. Alikuwa mwisho wa benchi letu, mikono magotini, anatazama sakafu. Nikasema moyoni, afadhali. Afadhali leo kila mtu amwone. Nikakaza macho mbele nikingoja zamu yangu ya kuinuka, na miguu haikuinuka, na ndipo nilipoelewa swali lilikuwa limeniuliza nini.

Bado nina hasira. Nasema tena, alichofanya mzee yule si cha kusameheka kirahisi, na atakayeniambia nimezidisha namngojea. Lakini watu wote walikwenda mezani Jumapili ile, na kwenye benchi letu tukabaki wawili, yeye mwisho ule na mimi mwisho huu.